Jamani, Nani Anakikunja?

Loo! Watu wa Dar es Salaam mtanimaliza. Mtu anatoka Kariakoo na kirikuu, na juu ya kirikuu kuna kochi ambalo, kwa kiapo cha aliyemuuzia, mchana ni kochi, usiku ni kitanda cha watu wawili, na ukilifunua ubavuni lina sanduku la kutia mashuka. Mtaa mzima tumetoka kutazama. Watoto wanakimbia nyuma ya gari, mke wa jamaa kasimama mlangoni na kanga yake, kicheko mpaka jino la mwisho. "Sasa na sisi tutapumua!" Haya, pumueni. Wiki haijaisha, pita pale mchana uchungulie: kochi limefunguka, limetandikwa, juu yake kuna rundo la nguo zilizoanuliwa juzi, rimoti, madaftari ya shule, na mtoto mmoja kajilaza katikati anakula chapati. Lilifunguliwa usiku wa kwanza, halijafungwa mpaka leo. Wageni wanakaa ukingoni, miguu inaning'inia. Msyuuu!

Usicheke, maana na kwenu lipo. Kama si kochi, ni ile meza ya kukunja iliyofunguliwa siku ya Idi, na sasa ndiyo makazi rasmi ya pasi, chaja na dawa ya mbu. Mimi nakaa kwenye benchi hili la kahawa, samani za kukunja za kila aina zinapita mbele yangu zikienda kwa watu, na naomba nitoe ushahidi: kununua wananunua. Kukunja sasa, ah! Nani anakunja?

Hesabu yenyewe naielewa, msinione adui wa maendeleo. Chumba cha kupanga huku uswahilini ni futi 10 kwa 10, na mwenye nyumba akiwa na roho nzuri 10 kwa 12. Humo ndimo mtu anaingiza kitanda cha sita kwa sita, maana cha tano kwa sita eti ni cha mabachela. Piga hesabu: futi za mraba 36 kati ya 100 tayari zimelala. Zilizobaki zigawe kwa kabati, friji, meza ya tivii, tivii yenyewe inayotazamwa kwa karibu mpaka msoma taarifa ya habari unamwona vinyweleo, mtungi wa gesi, ndoo za maji kwa sababu bomba lina tabia zake, na makochi mawili aliyozawadiwa bibi harusi. Chumba hicho hamtembei, mnapishana. Mmoja akitaka kutoka nje, mwingine apande kitandani kwanza ampe njia.

Na hapo ndipo linapokuja lile neno ambalo kila aliyewahi kupanga chumba kimoja analijua: "Karibu, kaa hapo hapo kitandani." Unamwambia nani? Unamwambia mzee wa msikitini. Unamwambia katekista. Unamwambia mjumbe wa nyumba kumi aliyekuja kwa shughuli za serikali. Siku moja anaingia baba mkwe. Ya Rabi! Baba mkwe katoka Tanga na basi la alfajiri, kaja kumwona bintiye, anapiga hodi, anaitikiwa karibu, anakaribishwa kukaa wapi? Mzee wa watu anakaa kwenye ncha kabisa, nusu yuko hewani, bakora katikati ya magoti, macho juu, anahesabu misumari ya silingi bodi. Binti anatazama chini. Bwana wa nyumba kaenda kununua soda, na kwa anavyochelewa soda hiyo inanunuliwa Bagamoyo. Kwa hiyo msidhani watu wanatafuta nafasi peke yake. Wanatafuta stara. Wanataka mkwe akiingia asikione kitanda.

Na hili halikuanza leo. Mwalimu wetu mstaafu, anayemiliki ile ncha ya benchi yenye kivuli, ndiye maktaba ya kijiwe. Anasema mwanzoni mwa karne ya 20, kule San Francisco, Marekani, alikuwepo bwana mmoja akiitwa William Murphy, kapanga chumba kimoja, kampenda binti mwimbaji wa opera. Kwa adabu za enzi zile, binti wa watu haingii penye kitanda cha mwanamume. Inasimuliwa kwamba Murphy alikaa akakuna kichwa, akabuni kitanda kinachosimama na kujificha kabatini, chumba cha kulala kikageuka sebule, binti akaja, ndoa ikafungwa. Mpaka leo Wamarekani kitanda cha ukutani wanakiita kwa jina la Murphy. Kijiwe kizima kilishangilia utadhani bao la dakika ya mwisho. "Kumbe mambo ya geto yalianza zamani!" akapayuka kijana wa bodaboda, akaombwa apunguze sauti mbele ya wazee.

Mwalimu akipewa kikombe cha pili hasimami. Akarudi nyuma ya Murphy, mwaka 1885, kule Chicago, kwa mama mmoja mweusi mwenye duka la samani, Sarah Goode. Huyu mama alipewa hataza ya kitanda kinachokunjwa kikawa dawati la kuandikia, lina vijidroo vyake na kila kitu, na ni mmoja wa wanawake weusi wa kwanza kabisa Marekani kupata hataza. Heshima kwake. Muuza kahawa, ambaye kusema kweli ndiye mwenye akili kuliko sisi wote, akauliza huku anatikisa birika: "Na hao walionunua kwake, Mwalimu, asubuhi walikuwa wanakikunja?" Mwalimu akanywa kahawa.

Akaona bora akimbilie Misri. Farao Tutankhamun, aliyezikwa zaidi ya miaka 3,000 iliyopita! Kaburi lake lilipogunduliwa mwaka 1922, miongoni mwa mali zake kulikuwa na kitanda cha safari kinachokunjwa mara tatu, kina bawaba. Haya, tumekubali. Lakini Farao alikuwa na watumishi wa kumkunjia. Wewe una nani? Una mdogo wako anayesoma kidato cha pili, na yeye ndiye mwenyewe aliyelala juu yake.

Kama mnataka ukweli wa mambo haya mwulizeni Charlie Chaplin, yule wa kofia na bakora. Mwaka 1916 alicheza filamu iitwayo One A.M.: mlevi karudi nyumbani usiku, anachotaka ni kulala tu, na kitanda cha kukunja kinamgomea. Akikivuta hakiji, akikiacha kinamwangukia, kinainuka, kinashuka, kinamgaragaza, mwisho jamaa anasalimu amri na kwenda kulala ndani ya hodhi la kuogea. Watu walicheka, na mpaka leo wanacheka. Ila yeye alikuwa na hodhi la kukimbilia. Sisi bafu letu ni la wapangaji wote, na lina foleni.

Sasa njooni Keko, kwa mafundi wetu. Kijana mmoja wa mtaa huu, juzi juzi kaoa, kaona kwenye simu video ya kitanda cha ukutani, akaipeleka kwa fundi. "Fundi, nataka hiki." Fundi wa kweli hasemi sijui. Aliitazama, akairudisha nyuma, akaitazama tena, akatikisa kichwa kwa huruma. "Hiki cha kitoto, bosi. Wenzetu wanatumia mbao za kubandikabandika. Mimi nakupigia cha mninga. Hakifi hicho, utawarithisha wajukuu." Ndugu zangu, mninga! Kitanda cha kupanda na kushuka kila siku ya Mungu, cha mninga! Vile vya kwenye video vina springi, au zile pampu za gesi zinazosukuma, na nguvu ya pampu imepimwa ilingane na uzito wa kitanda, ndiyo maana binti mwembamba anakishusha huku anatabasamu. Fundi wetu pampu hakuziona kwenye video. Aliona bawaba. Akafunga bawaba za geti.

Kikaja na guta, wanaume wakahema. Halafu ikaja habari ya godoro. Vitanda hivi vinataka godoro jembamba, tena lifungwe mikanda, ili likunjwe pamoja na kitanda bila ugomvi. Kijana ana godoro la inchi 10, zawadi ya kamati ya harusi, na kuachana nalo ni sawa na kuitukana kamati. Kitanda kikipandishwa, godoro linatokeza kwa mbele, mlango wa kabati haufungi, chumba kizima kinaonekana kina mimba.

Mnajua kilichofuata? Kila usiku tunaitwa kijiweni. "Wazee, samahanini, naomba tushushe." Alfajiri, wengine tunatoka msikitini, tunaitwa tena: "Tupandishe." Tukadai kahawa, akalipa. Tukadai na kashata, akalipa. Mwishowe mkewe akasema imetosha, haiwezekani wanaume wanne waingie chumbani kila usiku kumshushia kitanda. Kwani kasema uongo? Kitanda kikabaki chini. Kiko chini mpaka leo, na kwa kuwa kimekuja na fremu na milango yake, kinakula nafasi kuliko kile alichokiuza ili akinunue hiki. Ah! Nimechoka mie.

Habari za ukuta tusizifukue sana. Kitanda cha ukutani kinashikwa na boliti, na boliti zinataka ukuta unaojua kushika. Kuta zetu tunazijua. Mfuko mmoja wa saruji umefyatuliwa matofali mpaka ukaomba radhi. Unagonga msumari wa kalenda upande huu, plasta inadondoka kwenye mboga ya jirani. Na mwenye nyumba akisikia drili tu, hata kama yuko Mbagala kwa mke mdogo, anatokea mlangoni: "Nani kakuruhusu kutoboa nyumba yangu?"

Lakini kuna jambo ambalo sijasikia muuzaji hata mmoja akilitaja, na ndilo lenyewe. Uvungu! Ewe unayetaka kitanda kipande ukutani, umeshapiga magoti ukachungulia chini ya hicho ulichonacho? Kule ndiko liliko ghala. Kuna mchele uliotumwa kutoka Kyela. Kuna mabegi, na ndani ya mabegi kuna mabegi. Kuna masufuria ya shughuli yanayotoka mara moja kwa mwaka, kuna feni iliyokufa inayongoja fundi, kuna viatu vya mguu mmoja, kuna vyeti vya shule ndani ya bahasha ya kaki, kuna ndoo ya rangi iliyobaki robo, na sikukuu ikikaribia kuna jogoo kafungwa kamba, anawika saa tisa usiku chini ya mgongo wako. Sasa kitanda kikipanda, vyote hivyo vinabaki katikati ya chumba vinakutazama. Nafasi uliyoipata ni ile ile iliyokuwa imejaa tangu mwanzo, ila umeiondolea kifuniko. Na baba mkwe, badala ya kukaa kitandani, sasa anakaa na jogoo. Wahenga waliosema mtaka cha mvunguni sharti ainame hawakuwa wanatania, walikuwa wanajua mali inakaa wapi.

Hawasikii! Wanatazama simu. Kuna msanifu majengo wa Hong Kong, Gary Chang, nyumba yake imezunguka dunia nzima. Ni ya mita za mraba 32, na ndimo alimokulia na wazazi na dada zake. Alipobaki nayo peke yake akaifunga reli darini, kuta zikawa zinavutwa: akivuta huku jiko linatokea, akivuta kule bafu, kitanda kinashuka kutoka ukutani, na kwa ujumla nyumba hiyo moja inajigeuza kwa namna 24. Video ikifika kijiweni, watu wanashika mashavu. "Maskini, Hong Kong wanabanana!" Nani maskini? Chumba cha futi 10 kwa 10 hakifiki hata mita za mraba 10. Mtu mnayemwonea huruma ana vyumba vitatu vya Tandale na chenji inabaki. Tena yeye ni msanifu, kila kijiko alikipimia pake. Wewe hata rimoti hujui iko wapi, unataka kuta zitembee!

Na tusijifanye kukunja kumeshuka bandarini juzi ndani ya kontena. Bibi zetu walilala wapi? Mkeka usiku unatandikwa, alfajiri umekunjwa na kuegeshwa ukutani, chumba cha kulala kimekwisha, panabaki ukumbi wa watu kula. Nani aliita fundi? Kibao cha mbuzi cha kukunia nazi nacho ni kiti cha kukunja, jamani, tena chenye kisu. Unakikalia, unakuna, ukimaliza unakikunja upesi, kwa sababu ukikiacha wazi kile kichwa chenye meno kitamngoja mtu gizani. Marufaa ya kuwekea msahafu hukatwa kwenye ubao mmoja tu, bila msumari hata mmoja, ukimaliza kusoma unaifunga inalala bapa. Vitu hivi vilikunjwa kwa sababu kutovikunja kulikuwa na gharama papo hapo: mkeka utakanyagwa na miguu ya matope, mbuzi itakuuma. Kochi la kisasa halimuumi mtu. Linakuacha tu ulale mpaka saa nne, linakudekeza, halafu unasema chumba kidogo.

Ngoja niwakumbushe na kitanda cha mgeni. Kile cha chuma, chepesi, kinakunjwa katikati, kina vigurudumu. Kitu kizuri sana kikiwa nyuma ya mlango. Jirani yangu alikinunua ili shemeji yake akija Dar kwa usaili wa kazi apate pa kujinyoosha. Shemeji akaja, akajinyoosha. Usaili ukaisha, majibu yakawa bado. Kitanda cha kukunja hakikunjwi mtu akiwa juu yake, na shemeji alipoamka ilikuwa saa ya chakula cha mchana, akala, akarudi juu yake kupumzisha mawazo. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Jembe liko uvunguni, na uvunguni hapafikiki, kitanda cha shemeji kimeziba njia. Majibu ya usaili nasikia bado hayajatoka.

Mtaniuliza: kwa hiyo mzee tusinunue? Nani kasema? Nunueni, pesa si yangu. Ila ukifika dukani mwambie yule kijana mwenye maneno asogee pembeni, maana yeye kakikunja kile kitu mara elfu, mikono yake imekariri. Kikunje wewe. Tumia mkono mmoja, wa pili jifanye umebeba mtoto. Kama kinakushinda pale mbele za watu, huku umevaa vizuri na umeshiba, kitakushinda zaidi alfajiri ukiwa umechelewa daladala. Mwulize godoro la inchi ngapi linaingia, na usimkubali akisema "lolote". Shika bawaba uzitikise, ziangalie pia kwa ajili ya vidole vya watoto. Na kabla hujatoa hata senti, nenda nyumbani ukachungulie uvunguni, uniambie vile vitu vitahamia kwa nani.

Kwa macho yangu, kinachofanya kazi ni kidogo tu. Ile meza ya ubao iliyofungwa bawaba ukutani na kushikwa na minyororo miwili, hiyo naiheshimu, kama mwenye nyumba ameridhia: mkimaliza kula inabidi uishushe, vinginevyo mlango haufunguki na hamtoki. Inawalazimisha. Kitu cha kukunja kisichokulazimisha, mwanangu, kimekwisha kuwa kitanda.

Na viti. Viti vya kukunja vina sifa zote, ila vina miguu zaidi ya ile minne. Kabati halijawahi kuazimwa, friji haijawahi kupelekwa msibani, lakini kiti cha kukunja kinaingia kwenye bodaboda, kwa hiyo ndicho samani pekee ya mtaa huu inayosafiri. Kinatoka kwako kwenda matangani, kutoka matangani kinahamia kwenye kikao cha harusi, kutoka hapo kinaonekana kwenye picha ya kipaimara cha watoto wa watu usiowajua, kakikalia mjomba mnene, kimepinda. Kila nyumba hapa ina kiti kimoja cha nyumba nyingine, na wote tunanyamaza kwa sababu na sisi tunacho cha mtu.

Mimi sinyamazi. Wewe uliyechukua vyangu vya bluu siku ya arobaini pale kwa Mama Mwenye Nyumba, najua unasoma hapa na unajua ninakusema wewe. Nakuomba kwa heshima zote, vilete. Usijisumbue kuviosha. Vilete tu, na tafadhali vije vimekunjwa, maana kwangu hapana pa kuviweka vikiwa wazi.